Bonde la Mto Tana na Watu wa Kale

Ndugu zangu, wenyeji wa Meru na Embu,

Jambo nitakalo kuwaeleza leo li chini ya miguu yetu, nasi hulipita kila siku twendapo shambani au mtoni. Ni habari za watu waliokaa katika bonde la Mto Tana kabla hajakuwapo mtu wa kuandika majina yao.

Mto huu ndio mrefu kuliko yote ya Kenya. Huenda kama kilometa 1,000 mpaka Bahari ya Hindi. Thiba, Thuci, Mutonga na Kathita hushuka kutoka Mlima Kenya, na mwisho maji yake huingia Tana. Fikirini mema aliyoyaona mtu wa kale hapo: maji wakati wa kiangazi, wanyama wajao kunywa, na mawe meupe magumu ambayo yakigongwa hutoa makali. Lakini bondeni mna homa na mbung'o pia, na mkulima aliyetaka mvua ya hakika aliinua macho kuelekea mlimani.

Basi twawezaje kuwajua watu hao? Tunao mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni jiwe. Huko Lewa, kaskazini ya Meru, ambako maji hushuka kuelekea Ewaso Ng'iro, yameonekana mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande zote mbili na watu wasiojua chuma. Mashoka ya namna hiyo ni mengi sana Olorgesailie, mahali Louis na Mary Leakey walipoanza kazi katika mwaka 1942, na baadhi yake yana umri wa miaka 1,000,000 hivi.

Shahidi wa pili ni kigae cha chungu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba Kwale, akapata vyungu vya wakulima waliojua chuma, vya karne za kwanza baada ya Kristo. Mwaka 1971 Ari Siiriäinen wa Finland alitoa habari za uchimbaji wake Gatung'ang'a, upande wa Nyeri, mahali pa watu wa zama za chuma. Mwaka 1979 David Phillipson naye akaeleza mahali pa zama hizo katika Tana ya chini. Kwa kulinganisha mapambo ya vyungu, wataalamu hutafuta ni nani waliohusiana na nani, toka pwani hata mlimani.

Shahidi wa tatu ni neno la mzee. Wameru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, penye maji makubwa upande wa mashariki. Waembu husimulia habari za Mwenendega na mkewe, waliokaa papa hapa katika nchi ya Embu. Na wote wamesikia habari za Wagumba, watu wafupi wawindaji, waliokuwapo kabla ya wakulima.

Kijana aliyesoma aweza kuuliza, "Nani msema kweli?" Mimi nasema tusifanye haraka kuhukumu. Yawezekana wageni walifika, wakawakuta wenyeji, wakaoana nao, na kila ukoo ukashika sehemu yake ya habari. Lakini ili tulijue hilo, lazima mashahidi wote watatu wawe hai.

Na hapa ndipo penye hatari. Jiwe au kigae hushuhudia kwa mahali kilipolala: chini ya udongo gani, karibu na mfupa gani, pamoja na mkaa upi. Mkaa huo ukipimwa waweza kuonyesha umri wake, hata miaka 50,000. Kikiondolewa hapo kikawekwa dirishani, kimekuwa kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Mengine yamekwisha kufunikwa. Katika bonde letu yalijengwa mabwawa matano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Yametuletea umeme, nasi twashukuru. Lakini ardhi iliyo chini ya maji hayo si rahisi kuiuliza tena. Yaliyobaki yamo katika mashamba yetu, kandokando ya mito, na mahali tuchimbapo mchanga.

Kwa hiyo nawasihi. Ukilima ukaona jiwe lililochongwa, vigae vingi au mifupa ya kale, usichimbe zaidi wala usiuze. Weka alama, ukamwarifu chifu, na habari ifike Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 yataka hivyo. Tena, wewe ujuaye kuandika, keti na babu na nyanya yako, uandike wasemayo kama wanavyoyasema, bila kuyatengeneza.

Jiwe laweza kungoja miaka elfu nyingine; mzee hawezi. Anzeni kwake, jioni hii.

Kwaherini.