Kufuma Blauzi ya Mabega Wazi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima wa Mwanza na kando ya Ziwa. Yamepigwa chapa hapa ili mwanafunzi ayasome polepole, sindano yake ikiwa mkononi.)

Leo tunayo kazi ya mikono, na kazi yenyewe imejaa hesabu. Leteni daftari, kalamu, utepe wa kupimia, uzi wa pamba, na sindano ya kroshia, ile yenye ndoana ndogo kwenye ncha. Asiye na sindano asiondoke. Aandike kwanza, sindano ataipata baadaye.

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua za vuli kushika, mnajua joto la mji wetu. Mawe ya Mwanza hulimeza jua mchana kutwa, na usiku huanza kulitapika. Wakati huo nguo ya mikono mirefu ni adhabu. Blauzi ya kufuma yenye mabega wazi hupitisha upepo wa ziwa, na ikifumwa kwa pamba hunywa jasho. Uzi wa nailoni unang'aa dukani, lakini mwilini hukuacha umelowa. Chagua pamba.

Pamba kwetu si mgeni. Wakulima wa Usukuma waliviunganisha vyama vyao vya ushirika mwaka 1955, wakapata sauti juu ya bei ya pamba yao. Baadaye kiwanda cha nguo cha Mwatex kilifunguliwa hapa Mwanza. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa, ambapo watu wazima walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao wenyewe: pamba, samaki, chakula. Basi na sisi leo tunasoma kwa uzi.

Mimi hesabu hii niliijua kwa hasara. Mama mmoja wa Kirumba aliniagiza blauzi ya kuvaa arusini, akanipa na arubuni. Sikuandika kipimo. Nilimpima kwa uzi mwekundu, nikafunga fundo penye kifua, na fundo jingine penye mkono, nikautia uzi ule kikapuni. Mwanangu akauona. Akaufunga ndoana, akaufanya mshipi, akaenda nao mawe ya ziwani. Jioni alirudi na furu watatu, nami sina kipimo. Kwa haya sikurudi kwa yule mama kumpima tena. Nikakisia. Siku ya kujaribu, blauzi haikupita mabegani. Nilifumua yote, arusi ikapita, na arubuni ilinibidi kuirudisha. Mtoto sikumpiga, kosa halikuwa lake.

Sasa fungua daftari. Andika jina la mtakaye kumfumia, na chini yake andika: Kifua, sentimeta 96. Mkono sehemu ya juu, sentimeta 30. Kuzunguka mabega yote mawili, mikono ikiwa chini, sentimeta 106. Hizi ni namba za mfano. Wewe utaandika zako.

Kabla ya kununua uzi, soma karatasi iliyozungushwa kibonge. Mara nyingi utaona ukubwa wa sindano inayofaa, umeandikwa kwa milimeta. Utaona pia namba ya rangi, na pengine namba ya pili, ya mkupuo wa kutia rangi. Vibonge vyako vyote viwe na namba hizo zile zile. Nyekundu ya mkupuo mmoja si sawa na nyekundu ya mkupuo mwingine, na tofauti hiyo huioni dukani. Utaiona juani, blauzi imekwisha. Kwa hiyo nunua uzi wote siku moja.

Mtindo wetu una mambo mawili tu: cheni na nguzo. Cheni ni kitanzi kinachopita ndani ya kitanzi. Nguzo husimama juu ya cheni, ndiyo maana twaiita hivyo. Tia uzi juu ya sindano mara moja. Chomeka sindano katika cheni, vuta uzi. Sindanoni mna vitanzi 3. Vuta uzi upite vitanzi 2. Vuta tena upite 2 vilivyobaki. Nguzo imesimama.

Anza na kipande cha kujaribia. Fuma cheni 22. Tia nguzo ya kwanza katika cheni ya nne toka kwenye sindano. Zile tatu ulizoziruka zinahesabiwa kuwa nguzo moja. Ukifika mwisho hesabu: ziwe 20. Zikiwa 19, soma tena sentensi iliyotangulia. Fuma mistari 10. Kisha kifue kipande hicho, kikauke, ndipo ukipime, maana pamba huruka ikifuliwa. Wengi hudharau hatua hii. Ni jioni moja tu, nayo huokoa majuma mawili.

Weka utepe katikati ya kipande. Tuseme katika sentimeta 10 mna nguzo 15 kwa upana, na mistari 8 kwa urefu. Andika. Sasa tufanye hesabu ya kipande cha mbele. Kifua ni 96. Ongeza 4 ili mtu apumue: 100. Gawanya kwa 2, maana kipande cha nyuma nacho kina sehemu yake: 50. Katika 50 mna kumi tano. Tano mara 15 ni 75. Basi kila mstari utakuwa na nguzo 75. Cheni za kuanzia ni ngapi? Katika kipande cha kujaribia tulianza na 22 tukapata 20. Haya, jibu mwenyewe kabla ya kusoma mbele.

Ni 77. Fuma mistari 32, yaani sentimeta 40. Kila unapogeuza, fuma cheni 3. Hizo ndizo nguzo ya kwanza ya mstari mpya. Nguzo ya mwisho itie juu ya zile cheni 3 za mstari uliopita. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea. Huisahau ile ya mwisho, mstari unaofuata huwa 74, halafu 73, na nguo huanza kukonda upande kama mwezi unaokwisha. Hesabu kila mstari. Ukichoka kuhesabu, weka kazi chini.

Fuma vipande viwili vya namna hiyo, mbele na nyuma. Kisha mikono. Mkono una 30, ongeza 10, ni 40. Nne mara 15 ni 60. Anza na cheni 62, fuma mistari 16. Mikono miwili.

Mstari uliofuma mwisho ndio upande wa juu katika vipande vyote vinne. Vipange kwa duara: mbele, mkono, nyuma, mkono. Unganisha kila kipande na jirani yake kwa mistari 8 ya juu tu. Chini ya hapo, mbavu za mbele na nyuma zina mistari 24 iliyobaki. Zishone pamoja, kila upande. Mkono nao una mistari 8 iliyobaki. Ukunje, ushone chini ya kwapa.

Sasa lastiki. Kuzunguka mabega ni 106. Toa 10, ili ishike isiteremke: 96. Ongeza 2 za kushonea ncha: 98. Ipitishe katika mstari wa juu kabisa, juu ya nguzo 3, chini ya nguzo 3, mpaka utokee ulipoanzia. Jumlisha nguzo zote za juu: 75, na 60, na 75, na 60. Utapata 270, nazo zagawanyika kwa 6 bila kubaki kitu, kwa hiyo lastiki itamaliza pale pale inapotakiwa. Nguo itakunjamana. Ndivyo tunavyotaka.

Katika darasa moja mzee aliniuliza, "Mwalimu, mwawafundisha wake zetu kutembea mabega nje?" Nilimjibu kwa heshima, maana swali lilikuwa la haki. Nilimwuliza kama anakumbuka bibi zetu walivyojifunga kaniki chini ya kwapa walipolima na kutwanga. Akacheka, akasema anakumbuka. Zaidi ya hayo, lastiki haina amri. Nyumbani waiteremsha, kanisani waipandisha juu ya mabega, na ukitaka, watupia khanga juu yake. Mama anyonyeshaye huona faida yake upesi kuliko mtu ye yote.

Liko jambo moja linaloniudhi. Watu wetu hufuma vizuri, halafu huuza kwa kukisia, kama mimi nilivyopima. Tuseme umetumia vibonge 6, kila kimoja shilingi 3,500. Hiyo ni 21,000. Lastiki 1,000. Jumla 22,000. Mteja anakuja, anaishikashika, anasema, "Mama, nipunguzie, chukua elfu ishirini na tano." Unafurahi, kwa kuwa fedha imeingia mkononi. Lakini toa 22,000: imebaki 3,000. Kama ulifuma saa 24, gawanya. Umepata shilingi 125 kwa saa. Kwa hiyo kila unapokaa kufuma, andika saa ulizofanya kazi, katika ukurasa ule ule wa vipimo. Mteja akisema bei yake, mfungulie daftari umwonyeshe. Baadhi yao huondoka. Wengine huongeza, nami nimewaona.

Mwisho, kufua. Blauzi ya pamba iliyofumwa huwa nzito ikilowa. Ukiianika kambani, uzito wa maji utaivuta mpaka iwe gauni. Ikamue kwa kuibana ndani ya kitambaa kikavu, usiipotoe. Itandaze juu ya mkeka, kivulini, uinyoshe kwa mkono ifuate vipimo vilivyo katika daftari. Mawe yetu ni mazuri kwa kuanikia mashuka, lakini kwa blauzi hii yana moto mno, na jua litaila rangi.

Kazi ya nyumbani: fuma kipande cha kujaribia, ukifue, uandike nguzo zako na mistari yako katika sentimeta 10. Zisipokuwa 15 na 8, usiogope. Fanya hesabu upya kwa namba zako, uje nazo darasani. Juma lijalo tutafuma ukingo wa chini. Kwaherini.