Jua na Nyakati za Sala

(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la majumbe na walimu)



Mimi ni Mkristo niliyesomeshwa misheni, wala sikuja hapa kuwafundisha Waislamu dini yao. Nimekuja kueleza kosa nililolifanya kwa kuiamini saa kuliko jua.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, nalikuwa Ujiji kwa kazi ya ukarani. Jioni nalisikia katika redio adhana ya Magharibi iliyotoka Dar es Salaam, nikawaambia vibarua waliofunga, "Futuruni, wakati umekwisha ingia." Mzee mmoja akawazuia, akanionyesha jua. Lalikuwa lingali juu ya ziwa, kiasi cha ngumi moja ya mkono ulionyoshwa. Kama wangalinisikiliza, saumu yao ya siku ile ingalibatilika kwa maneno yangu.

Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi walio mashariki huliona jua kwanza na kuliaga kwanza. Kila digrii moja ya mzunguko huo ni dakika 4. Kati ya Dar es Salaam na Ujiji pana karibu digrii 10. Kwa hiyo jua huchwa Ujiji yapata dakika 40 baadaye, ijapokuwa saa za miji yote miwili husema mamoja.

Hata Dar es Salaam kwenyewe saa 6 kamili siyo adhuhuri. Jua hupinduka huko yapata saa 6 na dakika 6 mwanzo wa Novemba, na saa 6 na dakika 37 katikati ya Februari.

Alasiri ndiyo yenye kutaka akili zaidi. Mashafii, nao ndio wengi katika pwani yetu, husema wakati huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wa kitu chenyewe. Mahanafi hungoja mara mbili. Lakini wako wanaosahau kwamba kivuli cha adhuhuri hakimo katika hesabu hiyo, hupimwa kwanza kikaongezwa. Dar es Salaam, mwanzo wa Machi na yapata tarehe 10 Oktoba, jua husimama utosini hasa na kijiti hakina kivuli. Mwishoni mwa Juni sivyo: kijiti cha inchi 12 hutoa kivuli cha inchi 7 adhuhuri, basi Alasiri ya Mashafii huingia kivuli kikifika inchi 19. Mwenye kuzisahau zile 7 husali kabla ya wakati kwa zaidi ya saa nzima.

Magharibi huingia duara ya jua ikizama yote; Isha, wekundu wa mbingu ukitoweka; Alfajiri, weupe ukitanda upande kwa upande. Ule usimamao wima kama mkia ni alfajiri ya uongo. Kazi hii ilikuwa na mabingwa wake: Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa msikiti mkuu wa Dameski, alitengeneza saa ya jua ya msikiti ule mwaka 1371, naye hakuwa na saa ya mfukoni kama yangu.

Kesho, kabla ya saa 6, nitasimika kijiti katika uwanja wa shule. Walimu na walete rula na kamba. Mwadhini wetu nimekwisha mwomba aje atusahihishe.