Mtoto Atakayezaliwa Njiani



Majuzi baada ya ibada kijana mmoja wa shule ya upili alitungoja mlangoni pa kanisa. Hakutaka kuombewa wala kuandikiwa barua ya shule. Aliuliza hivi: "Kasisi, je, binadamu ataweza kufika kwenye nyota?" Tulitaka kumjibu upesi, maana chai ilikuwa inapoa, lakini swali lake halikukubali jibu la upesi.

Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, ukiacha jua letu, huitwa Proxima Centauri. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ikitoka kwenye jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Ikitoka kwenye nyota ile huchukua zaidi ya miaka 4. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba iko sayari inayoizunguka, na wako wanaosema, basi twende. Twende na nini? Mwaka 1977 Wamarekani walirusha chombo kisicho na mtu, Voyager 1. Huenda kilomita 17 hivi kila sekunde, yaani kutoka Mombasa hata Nairobi kwa nusu dakika, na mwaka 2012 kiliuvuka mpaka wa upepo wa jua. Lau kingeelekea nyota ile kwa mwendo huo, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000. (Kimebeba santuri yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo, na jambo hilo lilituuma kidogo.)

Kwa hiyo wengine hushauri kijengwe chombo kikubwa mfano wa mji, watu walime humo, waoane, wazae na kufa, na vitukuu vyao ndio wafike. Kule Arizona, Marekani, mwaka 1991 watu 8 walijifungia katika jumba la vioo liitwalo Biosphere 2, lenye mashamba na mbuzi, wapate kuishi humo miaka 2. Vijidudu vya udongoni vikaila oksijeni kupita mimea ilivyoweza kuirudisha, watu wakawa wanahema, na mwaka 1993 ikabidi waongezewe oksijeni kutoka nje. Tena watu hao 8 waligawanyika makundi mawili. Hao walikuwa na mlango, na wenzao nje ya mlango. Kati ya nyota na nyota utampigia nani hodi?

Hata hivyo hewa huenda wataalamu wakaiweza siku moja. Anayetusumbua sisi ni mtoto wa njiani. Ibrahimu alipoitwa alikuwa mtu mzima, naye aliitika mwenyewe. Isaka alizaliwa hemani bila kuulizwa. Nasi pia, wengi wetu tulizaliwa katika mashamba ambayo wazazi wetu walihamia, wala hatukuulizwa. Lakini barabara ilikuwapo, na aliyechoka alipanda matatu akaenda zake. Mtoto wa chombo kile hana matatu. Pampu ya maji lazima iwe na mtu, apende asipende. Huenda hata mchumba akachaguliwa kwa hesabu. Na kizazi kimoja kikikataa kuzaa, safari nzima imekufa. Je, mzazi anayo haki ya kumfunga mjukuu wa mjukuu wake kwa ahadi aliyoitoa yeye? Sisi twaona hana, ijapokuwa twajua kwamba kila mzazi humfunga mwanawe kwa jambo fulani.

Hayo tulimwambia kijana. Jumapili iliyofuata alirudi na daftari. Alikuwa amepiga hesabu: kikipatikana chombo cha kwenda sehemu moja ya kumi ya mwendo wa nuru, ambacho hakuna mtu aliyekwisha kukiunda, safari ni miaka 42 na kitu. Yeye ana miaka 17. Angefika akiwa na 59 au 60, bila kumfunga mtoto yeyote.

Tulimwuliza kama ameihesabu na miaka ya mama yake. Alitazama daftari kwa muda, kisha akatuazima kalamu.