Tunamkumbuka shangazi yetu, mkulima wa Walungu



Mlituomba tuseme juu ya amani kati ya wenyeji na wageni. Tumeona tuanzie nyumbani kwetu, maana huko ndiko tulikopata aibu.

Shangazi yetu alilima huko Walungu, Kivu ya Kusini, tangu utoto wake mpaka juma la mwisho la maisha yake. Alizaliwa kabla ya uhuru. Wakati huo mtu aliyetaka shamba alikwenda kwa mwami au kwa mkubwa wa kilima, akatoa ng'ombe, akapata kalinzi. Shamba likawa lake, kisha la wana wake wa kiume. Asiye na ng'ombe aliomba bwasa, yaani kulima msimu mmoja au miwili, akalipa kwa pombe ya ndizi au kwa kazi ya mikono. Huyo hakuruhusiwa kupanda mgomba wala kahawa. Mgomba unakaa miaka mingi, na anayeupanda ni kama amesema, "Hapa ni pangu."

Shangazi hakuwa na kalinzi. Mume wake alipokufa alirudi kwao, na kaka yake akamkatia kipande kwenye mteremko, mahali mvua ilipokuwa ikichukua udongo. Alichimba mitaro, akapanda majani ya ng'ombe kwenye kingo. Miaka ya kwanza hakuvuna kitu cha maana. Baadaye watu wote wakaanza kusema kwamba shamba lile ni zuri!

Huku nyuma nchi ilikuwa inabadilika. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali. Juu ya mashamba ya desturi, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais, na miaka mingi ikapita bila agizo hilo kutoka. Mwenye fedha aliweza kutafuta hati mjini. Mkulima alibaki na ushahidi wa majirani zake tu. Watu wakaongezeka vilimani, mashamba yakakatwa vipande vidogo. Vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Ugonjwa wa mosaiki ukashika mihogo, shangazi akategemea viazi vitamu.

Mwaka 2007 watu walikimbia mashambulizi ya upande wa Kaniola. Mama mmoja mwenye watoto sita alifika kwa shangazi. Kabla ya kumpa jembe, shangazi aliita majirani wanne, akatembea nao mpakani mwa shamba pamoja na yule mama, akasema kwa sauti: "Utalima maharagi, viazi na mihogo. Migomba, hapana." Sisi tuliona ni ukali wa bure. Mbona kumsumbua mtu aliyetoka kufiwa?

Shangazi alipoaga dunia, kilio hakijaisha, sisi wana wa kaka zake tulikaa kikao. Mmoja alitaka kuuza shamba, mwingine alitaka kufyatua matofali. Binti wa marehemu hatukumwita. Tukamtuma kijana amwambie yule mama atoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mihogo yake ilikuwa na miezi mitano tu, nanyi mnajua mihogo inataka mwaka na zaidi. Na wengine wetu katika kikao hicho ndio tunaozunguka vijijini na madaftari, tukipatanisha watu juu ya mashamba.

Mama yule hakugombana. Alikuja na wawili kati ya wale majirani wanne, ndio waliobaki hai. Mzee mmoja wao akatuuliza: "Mlipokuwa mnasoma Bukavu, shangazi yenu alikuwa anapata wapi fedha za kuwatumia?" Tukanyamaza. Akatueleza kwamba magoti ya shangazi yalikuwa yamekwisha nguvu, na yule mama alimlimia siku mbili kila juma, bila malipo. Maharagi yaliyouzwa kwa ajili ya masomo yetu yalitoka katika mikono yake. Hatukuwa tumeuliza hata siku moja.

Tulirudi kwa chefu. Karatasi iliandikwa kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, ikasomwa kwa sauti mara mbili. Mama atavuna mihogo yake yote, kisha watapatana upya juu ya bwasa na mwenye shamba. Lakini mwenye shamba ni nani? Sheria ya Jamaa ya 1987 inampa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume. Basi tulikuwa tunapanga kuuza kitu ambacho huenda si chetu. Kaka yetu mmoja hakukubali. Alikataa kutia sahihi.

Ninyi machefu, tunawaomba jambo moja: kabla ya mvua za Septemba, tembeeni mpakani pamoja na mwenyeji na mgeni, na majirani wakiwepo. Semeni waziwazi kinachopandwa na kisichopandwa. Ninyi mliohama, msione haya kuomba jambo hilo.

Jumamosi tutapanda kule na binti wa shangazi kupima shamba. Kaka yetu ametuma neno kwamba atakuja. Amesema ataleta kamba yake mwenyewe.