Mbio za Mchango Katika Mbuga ya Wanyama

Ndugu Waislamu wa Gatete, tangu mwaka 2000 watu hukimbia karibu kila mwaka katika hifadhi ya Lewa, nchi ya Kenya, kilomita 42 au nusu yake, palipo na vifaru, ndovu na simba. Mkimbiaji hutoa ada, tena huwaomba jamaa zake wamchangie. Fedha huwafaa wanyama, shule na zahanati. Lakini kabla hajapiga hatua, askari na helikopta huwa wamekwisha kuilinda njia. Askari yule havishwi nishani, naye ndiye aliyeshika roho za watu! Basi mwenye nia ya kuwakusanyia mayatima fedha kwa mbio kandokando ya Ziwa Tanganyika, barabara ipitayo malori, na atafute walinzi kwanza, ndipo apokee ada.