Kasi ya Miguu ni Amana

*Hotuba iliyosomwa Rumonge mbele ya vijana wa mpira na wazazi wao*





Wakubwa wa jumuiya yetu wamenitaka niseme juu ya mpira wa miguu. Najua wako miongoni mwenu watakaouliza: Je, katika siku ya ukumbusho kama hii hapakuwa na jambo zito zaidi? Nami najibu kwamba jambo zito ni lile linalowachukua watoto wetu. Kila jioni, baada ya sala ya alasiri, mchanga wa ufuko wetu hujaa vijana wanaokimbiza mpira, na katika nyumba nyingi za mji huu pana ugomvi wa namna moja. Baba ataka mtoto asome, au ashike kasia, au asaidie kazi ya mawese. Mtoto ataka mpira. Kisha baba huyo huyo, asikiapo kwamba kijana wa Burundi amelipwa fedha nyingi Dar es Salaam au Ulaya, hugeuka kesho yake akamwambia mtoto aache shule akacheze. Jana alimpiga kwa sababu ya mpira, leo amsukuma kwenye mpira, na siku zote mbili hakuuliza kazi yenyewe ikoje.

Basi leo tuulize. Na ili tusiseme maneno ya hewani, tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zajulikana na wengi, naye ni Saidi Ntibazonkiza, ambaye Watanzania wamezoea kumwita Saido. Alizaliwa Bujumbura tarehe 1 Mei 1987, katika mji ulio mwendo wa gari wa saa chache tu kutoka hapa tulipo, kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Alikulia katika klabu ya Vital'O, ile ile iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992 ikashindwa na Africa Sports ya Ivory Coast. Kazi yake uwanjani ilikuwa ya winga, yaani mchezaji wa pembeni.

Wazee wangu ambao hamkucheza, niruhusuni nieleze kazi ya winga. Huyu hukaa kando, karibu na mstari wa chaki. Mwenzake wa katikati ana nafasi ya kugeuka kulia na kushoto, lakini winga ana beki mbele yake na mstari ubavuni mwake, na mstari ule ni beki wa pili asiyechoka. Hapana budi ampite beki kwa kasi au kwa hila, kisha ainue kichwa, aone mwenzake amesimama wapi, na ampelekee mpira mahali ambapo mwenzake atakuwapo, si mahali alipo. Kijana wa miaka 17 huyafanya haya kwa mbio tu. Lakini mbio hizo ni amana. Mwenyezi Mungu huikabidhi miguu ya mtu kwa miaka michache, kisha huanza kuichukua polepole. Na winga ndiye wa kwanza kuhisi, kwa sababu mlinda mlango aweza kuzeeka mahali pake, bali winga akipungukiwa na hatua mbili, beki amekwisha kumpata.

Sasa tazameni safari ya Saidi. Akiwa na umri wa miaka 19 hivi alikuwa Uholanzi, katika klabu ya NEC ya mji wa Nijmegen. Mwaka 2010 alikwenda Poland, katika klabu ya Cracovia ya mji wa Kraków, akakaa huko hadi mwaka 2014. Jambo moja la miaka hiyo lafaa kukumbukwa na kijana anayedhani kwamba Ulaya ni pepo. Mwaka 2012 Cracovia ilishuka daraja. Wako wachezaji ambao chombo kikianza kuingia maji huwa wa kwanza kuruka. Yeye alibaki, akacheza katika daraja la chini, na mwaka 2013 klabu ikapanda tena. Kisha alikwenda Uturuki katika klabu ya Akhisar Belediyespor, na mwaka 2015 akaingia Ufaransa katika klabu ya Caen. Baadaye alicheza hata Kazakhstan, kisha akarejea nyumbani Vital'O.

Wengi walifikiri kwamba hapo ndipo mwisho. Lakini mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alivuka kwenda Tanzania na kujiunga na Yanga. Mwaka 2022 alihamia Geita Gold, na kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa Simba. Msimu huo wa 2022 na 2023 ulipomalizika, alikuwa amefunga mabao 17 katika ligi ya Tanzania, akalingana na Fiston Mayele wa Yanga, na wawili hao wakawa wafungaji bora pamoja. Katika mchezo mmoja wa mwezi wa Juni 2023, dhidi ya Polisi Tanzania, alifunga mabao matano peke yake. Alikuwa na miaka 36.

Enyi vijana, jiulizeni: Mtu wa miaka 36 aliwezaje kufanya jambo ambalo hakulifanya akiwa na miaka 20? Miguu yake haikuwa na kasi zaidi. Kasi ilikuwa imepungua. Ila kwa muda wa miaka ile yote, alipokuwa bado na kasi, alikuwa akijifunza mambo ambayo hayahitaji kasi: kupiga mpira uliosimama, kupiga penalti bila kutetemeka, kuujua wakati wa kuachia pasi, na kusogea kutoka pembeni kwenda katikati kabla beki hajatambua. Amana ilipodaiwa, alikuwa amekwisha kuinunulia faida.

Sisi watu wa ziwa twapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Mvuvi wa dagaa hutumia taa, na taa hufaa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, taa haina kazi, na chombo hukaa ufukoni. Mvuvi mwenye akili hujaza chombo katika giza, na wakati wa mwezi mpevu hushona nyavu. Siku za kasi za winga ndizo usiku wake wa giza, nazo si nyingi. Akizilala, mwezi utatoka naye hana kitu chomboni wala wavu uliotengenezwa.

Hayo nimewaambia wachezaji. Sasa nageukia wazazi na viongozi wa vilabu vyetu vidogo, kwa maana kuna upande wa pili wa kazi hii usioonekana uwanjani, nao ni upande wa karatasi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto wa mpira ni hivyo hivyo.

Kwanza, umri. Sheria ya FIFA yakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia nchi ile kwa jambo lisilohusu mpira, au mtoto kuwa mkimbizi. Mtamkumbuka Saido mwingine, Saidi Berahino, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1993. Alifika Uingereza akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akakulia katika klabu ya West Bromwich Albion, na mwaka 2019 akawa nahodha wa Burundi katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, mara ya kwanza kwa nchi yetu kufika huko. Lakini huyu hakupelekwa Uingereza na mtu wa mpira; alikimbia vita akamfuata mama yake. Pwani hii yaijua njia ya namna hiyo tangu mwaka 1972, na wengi humu wameipita wenyewe. Kwa hiyo mtu akija nyumbani kwako akasema kwamba atamchukua mwanao wa miaka 15 kwenda kucheza ng'ambo, na kwamba zatakiwa fedha za viza na tiketi, usiuze shamba. Muulize sheria gani inamruhusu.

Pili, wakala. Tangu mwaka 2023 wakala sharti awe na leseni ya FIFA, na leseni ile hupatikana kwa mtihani. Majina ya wenye leseni yametangazwa wazi, na kijana yeyote mwenye simu aweza kuyatafuta. Na mchezaji akiwa mtoto, wakala hawezi kumwakilisha bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Barua yenye muhuri mkubwa na picha ya uwanja si leseni.

Tatu, mkataba. Mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 haupaswi kuzidi miaka 3, na wa mtu mzima, kwa kanuni ya kawaida, miaka 5. Klabu ikizuia mishahara ya miezi miwili bila haki, mchezaji aweza kuidai kwa maandishi na kuipa muda wa siku zisizopungua 15. Isipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba. Lakini haki hizi zawafaa wenye karatasi mkononi na wanaoweza kuisoma. Ndiyo maana nasema kwamba kijana anayeacha shule kwa ajili ya mpira ameuvunja mguu wake mmoja kabla ya mchezo kuanza. Atatiaje sahihi kitu asichokielewa? Saidi alifanya kazi Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, na katika kila nchi lugha ya mkataba, ya kocha na ya daktari ilikuwa nyingine. Mtoto wa Rumonge anayejua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa ana funguo tatu mfukoni, asizitupe.

Nne, na hili nawaambia viongozi wa vilabu: waandikisheni watoto. Mchezaji aliye katika mkataba anapouzwa kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha zile hugawiwa vilabu vyote vilivyomlea tangu mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia moja, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una nusu ya asilimia. Fanyeni hesabu. Mtoto aliyekaa katika klabu ya hapa tangu miaka 12 hadi 17, akauzwa baadaye kwa dola 100,000, klabu ile yastahili dola 2,000. Kwa klabu kubwa hizo si kitu. Kwa timu yetu ni mipira, viatu na jezi za misimu kadhaa. Lakini kama jina la mtoto halikuandikwa popote, haki ile itakwenda kwa wengine, nasi tutabaki kusimulia kwamba tulimwona akicheza mchangani.

Neno langu la mwisho ni kwa baba na mama. Msimchukie mtoto kwa kupenda mpira, wala msimfanye kuwa ng'ombe wa maziwa. Mwekeeni saa: shule na madrasa kwa wakati wake, mpira kwa wakati wake, sala isipite. Mkatazeni kamari ya mechi, kwa maana ni haramu, na mchezaji anayeiendekeza hufika mahali akauza hata mchezo wenyewe. Na akirudi kutoka majaribio bila kuchukuliwa, mpokeeni kama mlivyomwaga. Wengi watarudi hivyo, na hiyo si aibu. Aibu ni kurudi ukakuta mlango umefungwa.

Saidi alipitia nchi nyingi, kisha akarejea Vital'O, klabu iliyomlea, na baada ya hapo ndipo alipokuwa mfungaji bora kule ng'ambo ya ziwa. Wazee wetu wa vyombo walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Twaomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu miguu yenye afya, akili ya kuitumia, na ngama imara ya kurejea.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.