INJINI INAPOCHEMSHA: ULIZA KABLA YA KUFUNGUA

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Sumbawanga)



Katibu aliponitaka nizungumze, alisema nichague jambo ambalo kijana anaweza kuondoka nalo na kulitumia. Wengi wenu mnanifahamu kwa pikipiki. Basi nitawaeleza jinsi ya kutafuta ubovu injini inapochemsha, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe katika mlima wa Muze.

Pikipiki nyingi ndogo mnazoziona mjini hapa hupozwa na upepo. Yale mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda ndiyo yanayotoa joto, na kazi yenu ni kuyaondolea tope na kuangalia oili isipungue. Yangu ni kubwa, ya safari ndefu, nayo hupozwa kwa maji. Pampu huyazungusha maji kando ya silinda yachukue joto, kisha huyapeleka kwenye rejeta yapate upepo. Thamostati ni kama mlango: huyazuia maji yasifike kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Feni husaidia pale upepo usipotosha. Juu ya rejeta kuna kifuniko, ambacho nitakirudia.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Oktoba, nilikuwa Muze, kule Bonde la Rukwa, pamoja na mpwa wangu. Pikipiki ilikuwa imeanza kupunguza maji tangu Mbeya. Nilikuwa nimekwisha kubadilisha thamostati kwa kubahatisha, na nimeiosha rejeta kwa kubahatisha vilevile. Tukaanza kupanda kuelekea Ntendo. Mnaijua njia ile: kutoka bondeni mpaka juu Ufipa ni kupanda karibu mita 1,000, kona juu ya kona, tena kwa gia ndogo. Katikati ya mlima tukasikia maji yanatokota na mvuke ukatoka. Nikasimama, nikazima injini. Mshale wa joto haukuwa umefika kwenye alama nyekundu. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, nifungue tuongeze maji?" Nikatazama ule mshale, nikamwambia, "Fungua, lakini taratibu."

Ndugu zangu, maji yaliruka yakamuunguza mkono kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Tulikuwa na dumu la maji ya kunywa, tukammwagia yote. Lori la mpunga likatuchukua, yeye akafikishwa hospitali. Alipona, lakini kovu analo, na kila ninapompa mkono naliona. Aliyefungua ni yeye. Aliyesema fungua ni mimi.

Siku ya pili nilimpelekea pikipiki fundi mmoja hapa mjini, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Hakushika spana. Alisema, "Shikamoo mzee. Inachemsha wakati gani?" Nilikuwa nimetumia fedha na muda mwingi bila kujiuliza swali hilo.

Swali hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo, maana wakati wa kuchemsha aghalabu huonyesha mahali pa kutazama kwanza.

Ikiwa inachemsha unaposimama au unapokwenda polepole sokoni, lakini inapoa ukishika mwendo, itazame feni. Angalia fyuzi, nyaya zake, na swichi inayoiwasha. Mwendo unaleta upepo. Feni ndiyo inayokosekana.

Ikiwa inachemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, huenda maji hayatoshi, au hayapiti vizuri, au hayapozwi. Tazama kama rejeta imezibwa na tope, wadudu na mbegu za majani kwa nje, au kutu na magadi kwa ndani. Tazama kitundu kilicho chini ya pampu: kikidondosha maji, sili ya pampu imekwisha.

Ikiwa inachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, na mpira wa kwenda kwenye rejeta bado ni wa baridi, shuku thamostati imeganda ikiwa imefungwa, au pampu haizungushi maji. Na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, au maji ya rejeta yanatoa mapovu yasiyokoma injini ikinguruma, hapo shuku gasketi ya silinda hedi. Usiendelee na safari.

Yangu haikuingia katika mafungu hayo. Maji yalisukumwa kwenye chupa ya akiba na hayakurudi, hali mshale haukufika kwenye nyekundu. Fundi alisubiri mpaka injini ilipopoa kabisa, akafungua kifuniko, akanionyesha mpira wake. Ulikuwa umepasuka. Bei ya kifuniko kipya haikufika hata nusu ya ile ya thamostati niliyoinunua bure.

Sasa sikilizeni, hasa ninyi wa fizikia. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Kifuniko kizima huyafungia maji yapate kanieneo, na maji yaliyobanwa hivyo yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kikifa, injini ya hapa Ufipa huanza kutokota kabla hata feni haijapata joto la kuiwasha, kwa kuwa feni nyingi huwashwa penye nyuzi 100 au zaidi kidogo. Ndiyo maana mshale ulinidanganya. Kifuniko kibovu ambacho Dar es Salaam kingenivumilia, huku juu hakikunivumilia.

Jambo hili nililisoma shuleni hapa. Mwalimu wetu alichemsha maji maabara, kipima joto kikagoma kufika 100, nasi tukasema ni kibovu. Akatuambia kipima joto hakina kosa, ila tuko juu. Niliandika hayo kwenye daftari, nikajibu mtihani, nikapata alama zangu. Kisha nikayaacha kwenye daftari mpaka siku ile mlimani.

Kwa hiyo, vijana, injini ikichemsha, izimeni, kaeni kivulini, msiguse kifuniko mpaka mweze kuushika mpira wa rejeta kwa kiganja bila kuungua. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno wala mafuta, kisha mpelekeni hospitali. Na kabla ya kubadilisha kifaa chochote, jiulizeni: inachemsha wakati gani?

Ndugu Mwenyekiti, kile kifuniko kilichopasuka nimekuja nacho. Naomba Mkuu wa Shule akipokee, kiwekwe maabara karibu na kipima joto, ili mwalimu anapofundisha somo lile awe na kitu cha kuwaonyesha.